Mwongozo kamili: Jinsi ya kukadiria vumbi laini la mtambo wa makaa ya mawe, ukiwa Unguja au Pemba

Visiwa vyetu havina mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wa Pemba unatoka Tanga tangu mwaka 2010, na gridi ya bara inategemea zaidi maji na gesi asilia. Hata hivyo jambo hili haliko mbali nasi. Lamu palipangwa kujengwa mtambo wa megawati 1,050, eneo la Kwasasi, mpaka Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilipofuta kibali chake, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na bara yapo makaa ya mawe chini ya ardhi ya Mchuchuma, Ngaka na Kiwira, ambayo kila baada ya muda husikika mpango wa kuyageuza umeme. Anayejua pepo za huku anajua pia kwamba kaskazi ikishika, hewa ya upande wa Lamu inateremka na mwambao kuja Pemba.

Mwongozo huu ni kwa walimu wa sayansi, wanafunzi, waandishi wa habari na wajumbe wa kamati za shehia ambao siku moja wataletewa ripoti nene ya tathmini ya athari za mazingira na kuambiwa watoe maoni. Nataka ukiwa na kikokotoo cha simu tu uweze kuikagua mwenyewe, usitegemee muhtasari uliopambwa kwa picha za miti. Ninalotaka ulishike tangu sasa ni hili: vumbi jingi laini litakalofika mbali huwa halijakuwa vumbi bado linapotoka kwenye dohani. Linatoka likiwa gesi ya salfa, linageuka chembe njiani. Anayeuliza habari za moshi peke yake ameuliza nusu ya swali, tena nusu iliyo ndogo.

Vitu vya kuwa navyo

Ripoti yenyewe, hasa kurasa za viambatisho ambako takwimu za makaa hufichama. Kikokotoo. Ramani ya mwambao kuanzia Lamu hadi Mtwara. Takwimu za upepo za kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege ulio karibu nawe, na pale zinapokosekana, muulize nahodha wa jahazi. Atakueleza mwezi gani upepo unashika, saa ngapi unalegea, na siku za tanga mbili hali inakuwaje. Kwa hesabu ya kwanza hayo yanatosha kabisa.

Hatua ya 1: Jua vipimo vya chembe

Chembe hupimwa kwa maikromita, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa maikromita 70 hivi. Vumbi liitwalo PM10 ni lile lisilozidi maikromita 10, na PM2.5 ni lile lisilozidi 2.5. Hili la pili ndilo vumbi laini. Pua na koo hulikosa, linashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na sehemu yake ndogo kabisa huingia kwenye damu. Maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu yanahusishwa nalo. Mwaka 2013 wakala wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani uliliweka vumbi la hewa ya nje katika kundi la vitu ambavyo kusababisha kwake saratani kwa binadamu kumethibitishwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, na wastani wa siku usizidi 15. Kabla ya hapo, mwongozo wa mwaka 2005 ulikuwa 10 na 25. Basi ukikuta ripoti inayojipima kwa namba za 2005, andika pembeni.

Uzito peke yake unadanganya. Chembe moja ya maikromita 10 ina uzito sawa na chembe milioni moja za maikromita 0.1, zikiwa za kitu kile kile, na hizo milioni zikikusanywa, eneo la nje lake ni mara 100 ya ile moja. Metali za sumu hupanda juu ya eneo hilo la nje. Ndiyo maana tani moja ya vumbi laini haiwi sawa na tani moja ya jivu la kawaida, hata kama mizani inasema ni sawa.

Hatua ya 2: Tafuta namba nne za makaa

Katika ripoti nzima tafuta namba hizi: joto linalotoka kwa kila kilo ya makaa, asilimia ya jivu, asilimia ya salfa, na ufanisi wa mtambo, yaani sehemu ya joto inayogeuka umeme. Zikikosekana, hoja yako ya kwanza umeshaipata, kwa kuwa bila hizo hakuna mtu anayeweza kukisia kitakachotoka, hata huyo aliyeiandika ripoti. Angalia pia kama makaa yaliyopimwa ndiyo yatakayochomwa. Mtambo unaweza kuombewa kibali kwa makaa mazuri ya kuagizwa nje, ukaja kulishwa makaa ya karibu yenye jivu mara mbili.

Nitatumia mfano wangu mwenyewe, usio wa mradi wowote: mtambo wa megawati 1,000, ufanisi asilimia 36, makaa yenye megajuli 24 kwa kilo, jivu asilimia 15, salfa asilimia 0.8. Wewe weka namba za ripoti yako mahali pake.

Gawa 1,000 kwa 0.36, unapata megawati 2,778 za joto. Gawa kwa 24, unapata kilo 116 za makaa kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo mtambo huo unakula tani 10,000 za makaa kwa siku ukiwa umewashwa kwa nguvu zote. Tani 10,000, kesho tena, na keshokutwa, kwa miaka 30 na zaidi. Makaa yakiwa duni, ya megajuli 18, inapanda hadi tani 13,000 na ushei.

Hatua ya 3: Lifuate jivu ndani ya moto

Hapa tukae kidogo, maana ndipo panapoeleza kwa nini vumbi la makaa ya mawe lina sumu kuliko jivu la kuni.

Makaa ya mawe hayaingizwi tanurini vipande vipande kama tunavyotia makaa kwenye seredani. Husagwa mpaka yakawa unga, kiasi cha asilimia 70 ya unga huo kupita kwenye tundu za maikromita 75, kisha hupulizwa pamoja na hewa ndani ya moto unaozidi nyuzi 1,400. Kaboni inaungua kwa sekunde chache. Udongo, mchanga na madini mengine yaliyofungika ndani ya kila punje hayaungui. Yanayeyuka, yanashikamana kuwa matone, na yanapopoa huwa vigololi vya kioo, vingi vya maikromita 1 hadi 20 na zaidi. Hilo ndilo jivu linaloonekana, na kwa uzito ndilo karibu lote.

Sehemu ndogo, tuseme asilimia moja, mara nyingine chini ya hapo na mara nyingine zaidi, haiyeyuki tu bali inakuwa mvuke. Sodiamu na potasiamu huruka kwa urahisi, na hivyo hivyo aseniki, seleni, risasi na kadimiamu. Kinachoshangaza ni mchanga. Silika, ambayo ndiyo mchanga wenyewe, kwa kawaida ni ngumu mno kuruka, lakini ndani ya punje inayoungua oksijeni ni haba na kaboni imejaa tele. Kaboni huinyang'anya silika sehemu ya oksijeni yake, na kilichobaki huruka kirahisi. Mvuke huo ukishatoka nje ya punje unakutana na oksijeni, unarudi kuwa silika, na papo hapo unaganda kuwa chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya maikromita), kama mvuke wa birika unavyogeuka ukungu mara unapoguswa na hewa ya nje. Chembe hizo hugongana, zikashikana, zikakua hadi kufika maikromita 0.1 hivi, na hapo kukua kwake kunapungua sana.

Moshi unapopita kwenye mabomba ya kupashia maji unapoa, na sasa mivuke ya aseniki, seleni, risasi na kadimiamu inatafuta pa kutua. Inatua kwenye uso wowote ulio karibu, na kwa kipimo tulichokiona katika hatua ya kwanza, chembe ndogo ndizo zenye uso mwingi kwa kila gramu. Matokeo yake, gramu moja ya chembe za maikromita 0.1 hubeba metali hizo kwa wingi kuliko gramu moja ya jivu kubwa. Zebaki, kwa upande wake, nyingi hubaki gesi na huhitaji kifaa chake.

Rudi kwenye kikokotoo. Tani 10,000 mara asilimia 15 ni tani 1,500 za jivu kwa siku. Katika tanuri la makaa yaliyosagwa, asilimia 20 hivi hudondoka chini na 80 hupaa na moshi. Jivu linalopaa ni tani 1,200.

Hatua ya 4: Hoji vichujio, usiridhike na asilimia

Kuna vichujio vya aina mbili vinavyotumika sana. Cha kwanza hupitisha moshi kati ya mabamba ya chuma yenye umeme wa volteji kubwa. Chembe hupata chaji, huvutwa kwenye bamba, kisha bamba hugongwa ili jivu lidondoke. Cha pili ni nyumba yenye maelfu ya mifuko mirefu ya kitambaa ambamo moshi hupenya na vumbi hubaki.

Ripoti itasema kichujio cha umeme kinakamata asilimia 99.5. Inasikika vizuri. Kati ya tani 1,200, hiyo ni tani 6 zinazotoroka kila siku. Ikiwa 99, ni tani 12. Ikiwa 99.9, ni tani 1.2. Tofauti ya nukta moja au mbili ambayo macho huiruka ni mara kumi ya vumbi.

Tena asilimia hiyo ni ya uzito wa chembe zote kwa pamoja. Chembe kubwa hupata chaji kwa urahisi kutoka kwenye uwanja wa umeme, na chembe ndogo sana hupata chaji kwa sababu hutangatanga na kugongana na ayoni, yaani vijichembe vya hewa vyenye chaji. Katikati, kati ya maikromita 0.1 na 1, njia zote mbili ni dhaifu, na hapo ndipo kichujio cha umeme huvuja zaidi. Theluthi moja hivi ya vumbi linalokiponyoka huwa ni PM2.5, ilhali katika jivu lililoingia sehemu yake ilikuwa ndogo mno. Mifuko ya kitambaa hufanya vizuri zaidi katika ukubwa huo. Kama mradi umechagua kichujio cha umeme, taka sababu kwa maandishi.

Yako mambo mengine matatu ambayo lazima uyaulize.

Salfa ikiwa kidogo kwenye makaa, jivu huwa gumu kupitisha umeme na kichujio cha umeme hudhoofika. Basi msambazaji anayejisifu kwa makaa ya salfa kidogo aonyeshe kichujio kimepangwa kwa jivu hilo hasa.

Mtambo unapowashwa, kwa kawaida huanzia na mafuta, na kichujio cha umeme huenda kisiwashwe mpaka moto utulie. Uliza ni saa ngapi kwa mwaka mtambo utafanya kazi bila kichujio kamili, na kama tani za saa hizo zimehesabiwa. Gridi yenye kukatika mara kwa mara huongeza saa hizo.

Na kipimo cha dohani kilifanywaje? Kipimo cha kawaida huchuja moshi ukiwa bado wa moto. Mvuke wa asidi ya salfa na vitu vingine vitakavyoganda mita chache nje ya dohani hupita kwenye kichujio cha kipimo bila kuhesabiwa. Namba isiyojumuisha vitu hivyo vinavyoganda baada ya kupoa ni pungufu.

Kama ripoti inatoa kiwango kwa miligramu kwa mita ya ujazo badala ya tani, geuza hivi: kila tani ya makaa ya namna ya mfano wetu hutoa kama mita 9,000 za ujazo za moshi mkavu, zikihesabiwa kwa halijoto na mgandamizo wa kawaida. Tani 10,000 ni mita milioni 90. Mwongozo wa shirika la IFC la Benki ya Dunia wa mwaka 2008 unaruhusu mtambo mkubwa wa makaa miligramu 50 za vumbi pale ambapo hewa haijachafuka. Zidisha, unapata tani 4.5 kwa siku. China, kwa mitambo yake ya viwango vikali zaidi, imeweka miligramu 10, yaani tani 0.9. Kwa hiyo mtu akikuambia haiwezekani kushuka chini ya 50, inawezekana, na inafanyika.

Hatua ya 5: Ifuate salfa

Tani 10,000 mara asilimia 0.8 ni tani 80 za salfa kwa siku. Atomu ya salfa ina uzito wa 32, na ikishika oksijeni mbili inakuwa dioksidi ya salfa yenye uzito wa 64, mara mbili kamili. Asilimia 95 hivi ya salfa hutoka na moshi, nyingine hubaki kwenye jivu. Basi ni tani 152 za dioksidi ya salfa kila siku, kama hakuna kitu cha kuiosha.

Gesi hii haina rangi. Unaweza kusimama chini ya dohani, ukatazama juu, ukaona mbingu safi, na tani zote hizo zinapita. Angani huanza kugeuka asidi ya salfa, mchana kwa nguvu ya jua, na kwa kasi zaidi ndani ya matone ya mawingu. Asidi hiyo hukutana na amonia inayotoka kwenye mifugo, mbolea na udongo, ikawa chumvi ya amonia, chembe ya PM2.5 iliyo laini, inayopenda maji na yenye kusafiri mbali. Kwa kila tani 64 za gesi zinapatikana tani 132 za chembe. Gesi inaongezeka uzito zaidi ya mara mbili kwa vitu inavyookota njiani.

Kwa hewa isiyo na mawingu mengi, kukadiria kwamba asilimia 1 ya gesi hugeuka kila saa ni mwanzo mzuri. Kwenye mawingu hupanda zaidi.

Kuosha salfa kunawezekana. Maji ya chokaa hunyunyiziwa kwenye moshi, na kinachotoka ni jasi. Kifaa kikitunzwa hukamata asilimia 90 na zaidi. Ni ghali kujenga na kinakula sehemu ya umeme wa mtambo, na kwa sababu hiyo kikishajengwa kipo kishawishi cha kukizima. Kibali kiseme wazi kwamba kifaa kikisimama, mtambo nao usimame.

Oksidi za nitrojeni, gesi nyingine za moshi huo, nitazipitia haraka. Nazo hugeuka chembe, lakini chumvi yake ya amonia haidumu kwenye joto letu, hurudi kuwa gesi. Pwani hukutana pia na chembe za chumvi ya bahari na kubaki humo, kwenye chembe kubwa zisizofika mbali. Ziulizie, ila usiziache zikule muda wa salfa.

Hatua ya 6: Uweke upepo

Chukua ramani. Kutoka Lamu hadi Pemba ni zaidi ya kilomita 300, tuseme 330. Kaskazi inavuma toka Disemba mpaka Machi. Ukikadiria mita 6 kwa sekunde, ni kilomita 22 kwa saa, na hewa inafika kwa saa 15.

Kwa asilimia 1 kila saa, katika saa hizo 15 asilimia 14 ya gesi imegeuka. Kati ya tani 152 ni tani 21, ambazo kwa uzito wa chumvi ya amonia ni tani 44 za vumbi laini kwa siku. Vumbi laini lililotoroka kichujio, ile theluthi ya tani 6, ni tani 2. Weka namba hizo mbili pamoja kwenye karatasi: 44 na 2.

Sasa zigawe kwenye hewa. Tuseme moshi umetanda upana wa kilomita 100, na umechanganyika hadi kimo cha mita 600 juu ya bahari. Mita 6 mara 600 mara 100,000 ni mita za ujazo milioni 360 kila sekunde, yaani trilioni 31 kwa siku. Gramu milioni 44 zikigawanywa humo ni maikrogramu 1.4 kwa mita ya ujazo. Zile tani 2 ni chini ya 0.1.

Hesabu hii ni ya juu kidogo, kwa sababu haikutoa kinachoanguka baharini wala kinachooshwa na mvua, na imechukulia kwamba upepo umenyooka toka Lamu hadi Pemba, jambo lisilotokea kila siku. Lakini ukubwa wake ndio huo. Maikrogramu 1.4 kwa siku za kaskazi, dhidi ya mwongozo wa 5 kwa mwaka mzima, si kitu cha kupuuzwa, tena kwa mtambo mmoja ulio mbali kiasi hicho. Waishio kilomita 10 kutoka kwenye dohani wana hesabu nyingine: kwao jivu na gesi yenyewe ndivyo vizito, na salfa bado haijapata muda wa kugeuka.

Rudia kwa kusi, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, kwa mradi wowote ulio kusini yetu. Masika na vuli mvua huosha hewa, kwa hiyo wastani wa mwaka hushuka. Siku za tanga mbili, upepo unapozubaa, vumbi la karibu halina pa kwenda. Ripoti iliyotumia wastani mmoja wa upepo kwa mwaka mzima katika mwambao wa pepo mbili haijafanya kazi yake.

Hatua ya 7: Pima hewa yako mapema

Asiye na kipimo cha kabla hana cha kulinganisha baadaye. Skuli au shehia inaweza kuanza na kipimo kidogo cha mwanga, kile kinachohesabu chembe kwa jinsi zinavyotawanya mwale. Kifunge mita 2 hivi kutoka ardhini, penye kivuli, pasipofikiwa na mvua, mbali na jiko, barabara na mahali pa kuchomea taka. Seredani ikiwashwa hatua chache kutoka hapo, utakuwa umepima chakula cha jirani. Kiache mwaka mzima, ili kaskazi na kusi zote zipite.

Andika unyevu wa hewa pamoja na kila kipimo. Ukizidi asilimia 75, chumvi ya bahari hunyonya maji na kuvimba, na kipimo cha mwanga huona chembe kubwa kuliko ilivyo. Huku kwetu alfajiri nyingi ziko hivyo, kwa hiyo linganisha saa za unyevu unaofanana. Jua pia kwamba vipimo hivi havioni vizuri chini ya maikromita 0.3. Zile chembe za maikromita 0.1 zilizobeba aseniki hazimo kwenye namba yake.

Ukipata ushirikiano wa maabara ya chuo, kusanya vumbi kwenye karatasi ya kuchujia, lipimwe uzito na kemikali. Kisiwani kuna sharti moja: bahari nayo ina salfa yake. Chukua uzito wa sodiamu, zidisha kwa 0.25, toa kwenye uzito wa salfeti, yaani salfa iliyo ndani ya chumvi pamoja na oksijeni yake. Kinachobaki hakikutoka kwenye chumvi ya bahari. Hata hicho si chote cha makaa, maana viumbe vya baharini hutoa salfa, na meli zinazopita huchoma mafuta yenye salfa, ingawa tangu Januari 2020 kikomo cha kimataifa kimeshuka kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Kutenganisha, angalia metali: seleni na aseniki huelekeza kwenye makaa ya mawe, vanadiamu na nikeli kwenye mafuta mazito ya meli.

Hatua ya 8: Andika maoni yatakayojibiwa

Kwa Zanzibar, anayesimamia tathmini za mazingira ni Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, chini ya Sheria Namba 3 ya mwaka 2015. Kwa mradi wa bara ni taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, iliyojulikana kwa muda mrefu kama NEMC. Mradi wa nchi jirani unahitaji serikali ziandikiane, na barua ya shehia kwa wizara ndiyo mwanzo wake. Maoni ya jumla, kama "mradi utachafua hewa", hupokewa na kuwekwa faili. Maoni yenye hesabu humlazimu mtu kujibu kwa hesabu. Barua yako iwe fupi, yenye maombi ya namna hii:

- Mtoe joto, jivu na salfa ya makaa yatakayochomwa hasa, na kikomo ambacho mtambo hauruhusiwi kukizidi hata msambazaji akibadilika.
- Mtoe tani za PM2.5 kwa siku, zikijumuisha vinavyoganda baada ya kupoa na saa za kuwasha na kuzima, si asilimia ya kichujio peke yake.
- Mtoe tani za dioksidi ya salfa kwa siku, na hesabu ya chembe zitakazozalishwa nayo hadi umbali wa kilomita 400, kwa kaskazi peke yake na kwa kusi peke yake.
- Vipimo vya dohani vya kila saa viwekwe hadharani, na kibali kiseme mtambo uzimwe kifaa cha kuosha salfa kikisimama.
- Mlipe vituo vya kupimia hewa Unguja na Pemba, vianze angalau mwaka mmoja kabla ya kuwasha, na visimamiwe na chuo au mamlaka, si mwenye mtambo.
- Tani 1,500 za jivu kwa siku zitakwenda wapi, na zitafunikwa na nini miezi ya kusi?

Ambatisha hesabu yako, ukionyesha kila ulichokadiria: upana wa moshi, kimo, kasi ya upepo, asilimia kwa saa. Wataalamu wao wakikuambia umekosea, waombe waandike namba yao badala ya yako kwenye mstari ule ule, kisha fanya hesabu upya mbele yao. Nakala moja ibaki kwa sheha, nyingine skuli, na nyingine itunzwe na mtu atakayekuwepo miaka kumi ijayo.